Mwaka Huu Hakuvuka

Kabla ya mapambazuko Baba hushuka ziwani na shoka dogo,
hutoboa, huchovya kidole,
hupima unene wa barafu kwa kucha:
kucha moja, kucha moja na nusu.
Kisha hukitazama kipimajoto nilichomnunulia
kama anayesalimiana na mkwe asiyempenda.

Hapa Minasoko tunasema mungu wa ufuko wetu
ana mpenzi ng'ambo ya pili, Okuhama,
na usiku ule baridi inapouma hadi mifupa ya nyumba
huvuka kwa miguu kwenda kumwona.
Ziwa hunguruma. Kukicha,
barafu imepasuka toka ufuko hadi ufuko,
imejikunja, imeinuka kimo cha goti:
njia yake.

Makuhani kumi na saba wa ukoo wetu wameandika,
kila majira ya baridi mstari mmoja.
Kavuka, usiku wa tano.
Kavuka mapema.
Mwaka wa njaa: Kavuka.
Mwaka wa vita, wino umechuruzika:
Kavuka. Mchele wa sadaka hatuna.

Nilikwenda mjini kusomea fizikia.
Likizo ya kwanza nilirudi na jibu mfukoni:
barafu hunywea usiku, ikapasuka;
maji huingia ufani, yakaganda;
jua likipanda barafu hutanuka, ikakosa pa kwenda,
ikapanda juu.
Nilimchorea mishale kwenye karatasi ya kufungia samaki.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
na ukweli ulikuwa wangu kama baiskeli mpya.
Baba akaitazama mishale, akamimina chai.
"Vizuri," akasema. "Sasa nimejua anavyotembea."

Siku tatu sikumsemesha.

Msidhani tulipatana baadaye.
Niliyataka madaftari kwa ajili ya tasnifu; akayafungia.
Nikasema, hii ni data. Akasema, hii ni ahadi.
Nikasema, ahadi haipimiki.
Akasema, "Nawa mikono, Chizuru, ndipo uguse."
Nilinawa. Nilinung'unika, lakini nilinawa.

Na humo, chini ya taa, nikalikuta kosa.
Kuhani Genpachi kaandika Kavuka
mwaka ambao wakulima wa Okuhama, katika hesabu zao za mavuno,
wanalalamika miplamu imechanua kabla ya wakati
na watoto wanaogelea mwezi wa pili.
Nikambebea Baba ule ukurasa kwa mikono miwili,
kama paka aletaye panya sebuleni.

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa.
"Najua," akasema. "Baba yangu alinionyesha.
Genpachi aliogopa. Watu walikuwa wanauza mashamba,
akataka kuwapa kitu.
Nami miaka minane sasa nashika burashi,
na kila mara mkono unaniambia: andika tu,
nani ataamka usiku kuhakikisha?"

Nilifungua madaftari yake. Minane, mfululizo,
mwandiko ulionyooka kama uzi wa fundi:
Ziwa wazi. Ziwa wazi. Ziwa wazi.

Sikumwambia kuhusu nukta moja niliyoifuta kwenye grafu yangu
kwa sababu iliuharibia mstari uzuri wake.
Nilirudi mjini. Nikairudisha.
Mstari ukawa mbaya. Msimamizi wangu akakunja uso.

Leo ni siku ya mwisho ya baridi kwa kalenda ya hekalu.
Shoka limebaki begani, halina cha kutoboa;
maji yanalambalamba mawe, ya uvuguvugu, hayana haya.
Baba ananiuliza kipimajoto kinasemaje.
Ninamwambia.
Ananiuliza tena,
kana kwamba huenda kikabadili neno lake.

Anachutama, anachovya burashi, anaandika mwaka wa tisa.
Ninamshikia tochi. Ninajua nyuzi, ninajua upepo,
ninajua moshi wa viwanda gani umetufikisha hapa.
Lakini shingo yangu imegeuka yenyewe
kuelekea giza la ng'ambo,
na masikio yangu, ya msomi mzima,
yanatega kama kuna mtu kule
anavua viatu.